Dhima ya Kijamii na Utambulisho: Je, Mtu ni Cheo Chake?

Utangulizi

Mgeni akiingia katika kijiji au mtaa wowote wa Afrika Mashariki, maswali anayoulizwa baada ya salamu ni machache na yanajulikana. Huulizwa ametoka wapi, ni wa nani, na anafanya kazi gani. Akishajibu kwamba yeye ni mwalimu wa shule ya upili, au ni mke wa Fulani, au ni kitindamimba wa mzee Fulani, wenyeji huridhika. Huona kwamba wamemjua. Makala haya yananuia kuuliza iwapo kweli wamemjua, au wamejua tu mahali pa kumkalisha.

Swala hili si geni katika taaluma za falsafa na sosholojia. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu zetu wenyewe za kulishughulikia. Kwanza, lugha tunayoisoma ina njia mahususi za kumtaja mtu kwa dhima yake, na njia hizo zina falsafa ndani yake. Pili, kazi kadha za fasihi ya Kiswahili zimejengwa juu ya mvutano baina ya mtu na nafasi aliyopewa na jamii. Tatu, namna tunavyowahakiki wahusika mara nyingi inarudia kosa lile lile la wenyeji wa mgeni wetu: tukishamwita mhusika mjane, kahaba au kiongozi dhalimu, huona kazi imekwisha.

Msimamo wa makala haya ni kwamba dhima ya kijamii ni sehemu ya kweli ya utambulisho wa mtu, wala si vazi la kuvua na kutupa apendavyo. Lakini haiwezi kuwa utambulisho wake wote. Ili kuuthibitisha msimamo huo, tutaanza na ufafanuzi wa dhana, tuangalie ushahidi wa lugha, kisha tujadili mfano mmoja wa kihistoria na miwili ya kitamthilia.

Dhana ya dhima

Kwa dhima tunamaanisha nafasi anayopewa mtu katika jamii pamoja na matarajio yanayoambatana nayo. Mama hutarajiwa alee, chifu hutarajiwa aamue, mwanafunzi hutarajiwa asome. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1959, alilinganisha maisha ya kila siku na jukwaa la maigizo. Kwa mujibu wake, mtu huwa na mbele ya jukwaa, anakotenda kama watu wanavyomtarajia, na nyuma ya jukwaa, anakopumua. Katika kazi yake nyingine ya mwaka 1961 alieleza mwanya unaojitokeza baina ya mtu na dhima yake. Alitoa mfano wa mtoto aliyepanda farasi wa mbao wa bembea inayozunguka. Mtoto mdogo hujitosa kwa moyo wake wote. Aliyekwisha kukua kidogo hupanda huku akionyesha kwa vitendo kwamba mchezo huo ni wa wadogo zake. Dhima ni ile ile, lakini mtu ameanza kujitenga nayo.

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre alikuwa amelifikia jambo hili kwa njia nyingine mwaka 1943. Alimwelezea mhudumu wa mkahawa ambaye hatua zake ni za haraka mno, anavyoinama ni kwa unyenyekevu mno na anavyoibeba sinia ni kwa madoido mno. Kwa Sartre, mhudumu huyo anajidanganya: anajaribu kuwa mhudumu kama vile kiti kilivyo kiti, ilhali binadamu ana hiari na anaweza kesho kuwa kitu kingine. Falsafa hii ya udhanaishi inafahamika kwa wasomaji wa Euphrase Kezilahabi, kwani wahakiki wengi wameihusisha na riwaya yake ya Kichwamaji (1974).

Je, mtazamo huu unatufaa sisi? Baadhi ya wanafalsafa wa Kiafrika wametuonya tusiuchukue mzima mzima. Mkenya mwenzetu John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alishikilia kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hupata kuwepo kwake kutokana na kuwepo kwa wenzake. Waswahili wamelifupisha jambo hilo katika methali ya maneno matatu: mtu ni watu. Mnigeria Ifeanyi Menkiti alikwenda mbali zaidi mwaka 1984 aliposema kwamba utu wenyewe hupatikana hatua kwa hatua kwa kutimiza wajibu katika jamii. Mghana Kwame Gyekye alimpinga. Alikubali kwamba jamii humlea mtu na kumpa dhima, lakini akasisitiza kwamba mtu ana akili, dhamira na uwezo wa kuchagua ambavyo jamii haikumpa, na kwa sababu hiyo anaweza hata kuikosoa jamii iliyomlea. Makala haya yanaegemea upande wa Gyekye, na tunadhani kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe inamuunga mkono.

Ushahidi wa lugha

Kiswahili kina wepesi mkubwa wa kugeuza tendo likawa mtu. Kutokana na kitenzi pika tunapata mpishi. Vua hutupa mvuvi. Imba hutupa mwimbaji. Iba hutupa mwizi. Lewa hutupa mlevi. Unyambuaji huu una manufaa, lakini una gharama yake pia. Tulinganishe sentensi mbili: "ameiba" na "ni mwizi". Katika ya kwanza mna nafsi, mna wakati, na mna tendo lililofanyika likapita. Katika ya pili wakati umetoweka. Kishirikishi ni hakibebi njeo. Husema kitu kilivyo, kana kwamba kilikuwa hivyo tangu hapo na kitabaki hivyo. Mtu aliyeiba mara moja kwa sababu ya njaa, na mtu ambaye wizi ndio riziki yake, wote wawili huingia katika neno moja. Nomino imemfunga mtu katika tendo lake.

Utaratibu wa kumwita mzazi kwa jina la mtoto ni mfano mwingine. Katika jamii nyingi za Kenya mwanamke akishazaa huitwa Mama Fulani, na mwanamume huitwa Baba Fulani. Hii ni heshima, na aghalabu wanaoitwa hivyo hufurahi. Hata hivyo, si ajabu kumpata mwanamke aliyekaa na majirani zake miaka na mikaka nao wasilijue jina alilopewa na wazazi wake. Siku anapofiwa na mtoto yule, jina hilo hugeuka kidonda kinachotoneshwa kila asubuhi kwa salamu. Anayesalimu hana nia mbaya. Jamii haikumwekea jina jingine la kutumia.

Kwa upande mwingine, dhima inaweza kumfuata mtu kwa hiari ya watu na ikawa na maana pana kuliko kazi yenyewe. Julius Nyerere aliacha kazi ya ualimu katika shule ya Pugu mwaka 1955. Baadaye akawa Waziri Mkuu, kisha Rais, na akang'atuka katika urais mwaka 1985. Pamoja na vyeo hivyo vyote, jina lililodumu hadi kifo chake mwaka 1999, na hata sasa, ni Mwalimu. Watu walikiruka cheo kikubwa wakachagua kidogo, kwa kuwa waliona kwamba ndicho kilichokuwa karibu zaidi na mtu waliyemjua.

Ushahidi ulio na uzito zaidi unapatikana katika kiambishi u-. Kutokana na mwalimu tunapata ualimu; kutokana na mjane, ujane; kutokana na mtumwa, utumwa. Vivyo hivyo, kutokana na mtu tunapata utu. Kisarufi maneno haya ni ndugu, lakini kimatumizi utu umekaa mbali na wenzake. Tunaweza kusema kwamba daktari fulani ana udaktari uliobobea lakini hana utu, na kila msikilizaji akatuelewa. Hatuwezi kuligeuza neno hilo tukasema kwamba utu wake umeisha kwa kuwa amestaafu udaktari. Lugha imeweka akiba ya neno moja ambalo halitegemei cheo, na kwa neno hilo vyeo vyote hupimwa.

Methali zimeifanya kazi hiyo hiyo. Katika miji ya pwani ya kale, mwungwana lilikuwa neno la daraja: lilimtaja mtu huru, mwenye nasaba ya mjini, kinyume cha mtumwa. Lakini methali isemayo kuwa mwungwana ni kitendo ililivua neno hilo nasaba na kulivisha mwenendo. Kwa methali hiyo, aliyezaliwa mwungwana anaweza kuupoteza uungwana wake kwa tendo moja la aibu, na aliyezaliwa chini anaweza kuupata. Jamii iliyojipanga kwa madaraja ilitoa yenyewe kauli ya kuyatilia shaka madaraja hayo.

Kutoka Mtumwa hadi Siti

Mfano wa kihistoria unaotufaa ni wa msanii wa taarab, Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, wakati utumwa ulipokuwa bado halali. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Haidhuru aliyempa alikuwa na nia gani. Jina lenyewe lilimtaja kwa daraja ya chini kabisa katika jamii ya wakati ule. Alijifunza ufinyanzi na kuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar, akajifunza muziki, na sauti yake ikamfikisha mbele ya wakubwa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Watu wakamwita Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye heshima. Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, na alifariki mwaka 1950.

Mtu anaweza kupinga kwamba mfano huu hauthibitishi lolote: Siti nalo ni jina la dhima, kwa hiyo mwanamke huyo alibadilisha tu sanduku moja kwa jingine. Pingamizi hilo linastahili kujibiwa. Tukichunguza tunaona kwamba kuna kitu kilichovuka kutoka jina la kwanza hadi la pili. Mfinyanzi aliyezungukia majumba akinadi vyungu vyake na mwimbaji aliyekaribishwa katika majumba hayo walikuwa na sauti moja na kumbukumbu moja. Siti hakuyasahau maisha ya wanyonge alipokaa na wakubwa. Wimbo wake maarufu, "Kijiti", unahusu kifo cha mwanamke aliyeuawa na haki iliyopotoshwa mahakamani. Aliyekuwa akilalamika humo hakuwa Siti peke yake. Mtumwa naye alikuwemo. Kama dhima ingekuwa ndiyo mtu mzima, basi kubadilika kwa dhima kungemfuta wa kwanza na kumleta wa pili asiyemjua mwenzake. Haikuwa hivyo.

Kinjeketile: dhima inapommeza mtu

Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein ametuonyesha hali iliyo kinyume, yaani dhima inayokua hadi inamshinda mwenyewe. Kinjeketile wa kihistoria, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Vita hivyo viliendelea hadi mwaka 1907. Kinjeketile wa Hussein ni mhusika wa kubuni, naye mwandishi anampa umri wa kutosha kuyaona matokeo ya neno lake.

Tamthilia inaanza na wanawake wanaozungumzia njaa na mtu aliyejifungia nyumbani. Baadaye mtu huyo anaingia majini, anatoka akiwa amepagawa na mzimu wa Hongo, naye analeta ujumbe wa umoja na wa maji ya kinga. Kuanzia hapo watu hawamwoni tena mume wala jirani, wanamwona mtume. Msiba wa Kinjeketile unaanza pale anapotambua kwamba ndani ya ujumbe alioutoa mna maneno yanayowaweka watu wake chini ya mtawala mwingine wa kigeni. Anaanza kuushuku ujumbe wenyewe, lakini amechelewa. Watu hawamhitaji Kinjeketile mwenye shaka. Wanamhitaji Kinjeketile mwenye maji. Neno limekuwa kubwa kuliko aliyelizaa.

Ikiwa tungeishia hapo, tungesema kwamba dhima imemmeza mtu na hoja ya makala haya imeanguka. Lakini mwisho wa tamthilia unaleta jambo jingine. Baada ya kushindwa na kukamatwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Hakatai kwa kuwa angali anaamini kama wafuasi wake walivyoamini. Anakataa kwa kuwa anajua kukiri kwake kutawafanya watoto wa kesho waone kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Kwa maneno mengine, ameibeba dhima ile akiwa anaijua mipaka yake. Mhudumu wa Sartre alijificha ndani ya kazi yake ili asikabili hiari. Kinjeketile anaitumia hiari yake kubaki katika dhima ambayo tayari ameishuku. Matendo hayo mawili kwa nje yanafanana, na dhima peke yake haiwezi kututofautishia. Inatubidi tumtazame mtu.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mke wa mhusika huyu katika tamthilia anaitwa Bibi Kinjeketile. Yeye ndiye aliyemjua mumewe kabla ya utume, na ndiye aliyekaa na hofu mlangoni pake. Hata hivyo, sisi wasomaji hatupewi jina lake. Wakati tunaposikitika kwamba jamii ya Ngarambe ilimpunguza Kinjeketile akawa mtume tu, tujiulize nani amempunguza mkewe.

Natala: dhima iliyojengwa juu ya uvumi

Tamthilia ya Natala (1997) ya Kithaka wa Mberia inalileta swala hili karibu zaidi na maisha yetu ya Kenya. Natala anaambiwa kwamba mumewe, Tango, ameaga dunia. Papo hapo anapewa dhima mpya, ya mjane, na dhima hiyo inakuja na matarajio yake. Wakene, shemeji yake, anaona ana haki ya kumrithi. Chifu naye ana tamaa zake. Wote wawili wanamtazama Natala kama mali iliyoachwa bila mwenyewe. Natala anakataa. Haukatai msiba, analikataa wazo kwamba msiba umempokonya uwezo wa kujiamulia.

Nguvu ya tamthilia hii imo katika mwisho wake, Tango anaporejea akiwa hai. Ina maana kwamba Natala hakuwa mjane hata siku moja. Shinikizo lote, vitisho vyote na hesabu zote za urithi zilisimama juu ya habari isiyo ya kweli. Hapa mwandishi ametupa hoja nzito: jamii inaweza kumvika mtu dhima, ikamtendea kwa dhima hiyo na kutaka kumwadhibu kwa kutoitii, ilhali hata msingi wa dhima yenyewe haupo. Lau Natala angekubali kwamba yeye ni mjane na hana zaidi, Tango angerudi akute nyumba ya nduguye.

Athari kwa uhakiki na kwa maisha

Mjadala huu una matokeo mawili kwetu. La kwanza linahusu uhakiki. Katika madarasa yetu, na hasa katika miongozo ya vitabu teule, wahusika hujadiliwa kwa orodha: Natala ni mjane, ni jasiri, ni mtetezi wa haki, Wakene ni mwenye tamaa. Orodha hizo humsaidia mtahiniwa kupata alama, lakini humzoesha kuwaona watu kama nomino. Tunapendekeza mhakiki ajiulize maswali matatu juu ya kila mhusika. Nani alimpa dhima hii? Ni lini anatenda jambo ambalo dhima hiyo haikulitarajia? Na akivuliwa dhima hiyo, ni nini kinachobaki? Mhusika asiyekuwa na jibu la swali la pili na la tatu huenda ni mhusika bapa, na hilo nalo ni jambo la kuhakikiwa.

La pili linahusu maisha. Wengi tunaosoma jarida hili tutahitimu, na baadhi yetu tutakaa kwa muda mrefu tukitafuta kazi. Katika kipindi hicho lile swali la wenyeji, "unafanya kazi gani?", hugeuka mwiba. Kijana aliyefunzwa kwamba mtu ni kazi yake, akikosa kazi, hufikia natija moja tu: kwamba yeye si mtu. Mwalimu aliyestaafu na mama aliyefiwa hufikishwa mlango huo huo. Na aliye na cheo hupata hasara ya aina nyingine, kwani akiamini kwamba yeye ndiye cheo chake, atakishikilia kwa meno na kucha, na kila atakayekikosoa cheo atamwona adui wa nafsi yake. Wahenga walipotuachia kauli kwamba cheo ni dhamana, walikuwa wanamlinda raia, na walikuwa wanamlinda mwenye cheo pia. Kilicho dhamana hurudishwa, na anayerudisha hubaki.

Hitimisho

Makala haya yamejadili iwapo dhima ya kijamii ndiyo utambulisho mzima wa mtu. Tumeona kwamba wanaodai kuwa dhima ni vazi tu wanasahau methali ya mtu ni watu: hakuna aliyejilea, na bila dhima za mama, jirani na mwalimu hakuna anayekuwa mtu. Tumeona pia kwamba wanaodai kuwa dhima ni mtu mzima wanashindwa kueleza yaliyovuka kutoka Mtumwa hadi Siti, hiari ya Kinjeketile mbele ya kitanzi, na ukaidi wa Natala mbele ya dhima isiyokuwa yake. Kiswahili chenyewe kimetuwekea neno utu kando ya ualimu, uchifu na ujane, ili tuwe na kipimo ambacho hakitolewi na ofisi wala ndoa. Ni wajibu wetu, tulio wanafunzi wa lugha hii, kulitumia neno hilo tunapowasoma wahusika, na zaidi tunapokutana na watu. Mgeni wetu aendelee kuulizwa ametoka wapi na anafanya kazi gani; hayo ni maswali ya haki. Baada ya kuyajibu, apewe nafasi ya kuketi na kusema, kwa maana kumjua hakujaanza.